Tulivyomaliza Msiba wa Baba kwenye Hoteli ya Wastaafu

Shangazi Godeliva alizikwa Buffalo mwezi uliopita, siku ya baridi ambayo ingegandisha chai kabla haijafika mdomoni, na watu wa kanisa lake pale Lower West Side wakaniomba mimi nisimame niseme maneno mazuri, kwa kuwa najulikana kwa maneno. Nilisimama. Nikasema alikuwa mpishi asiye na mfano, nikasema wageni waliotoka uwanja wa ndege wakiwa na mifuko yao ya plastiki walilala kwake kwanza kabla ya kulala kwao, nikasema hakuwahi kumnyima mtu kitanda. Watu wakacheka, wakalia, wakaitikia amina. Nilipokaa chini masikio yalikuwa yananipigia kelele kwa hasira. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na jambo moja sikulisema, nimelibeba miaka yote hii kama mtu aliyebeba jiko la moto kichwani, na sasa mwenyewe hayupo wa kulikana wala kulikubali. Naliandika hapa.

Mwaka wenyewe ulianza Novemba ya 2014 na kuisha Novemba ya 2015. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nakaa na Baba mtaa wa Linden, upande wa kaskazini mashariki wa Columbus, kwenye nyumba ya kupanga yenye kuta nyembamba hivi kwamba jirani akipiga chafya mimi ndiye nasema pole. Mchana nilifanya kazi ya kuogesha na kulisha wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee kule Clintonville. Jioni tatu kwa wiki nilikuwa nimesoma shule ya jioni mpaka nikapata cheti cha sekondari, na mwalimu wa hesabu, nawaambieni, alinipa cheti kwa mkono mmoja huku mwingine akijifuta jasho. Baba alikibandika cheti kile ukutani juu ya kitanda chake. Kitanda tulikuwa tumekishusha sebuleni, kwa sababu ngazi zilikuwa zimemshinda. Chumba kizima kilinuka uji wa ulezi, dawa ya kuchua na soksi zilizokaushwa juu ya hita. Alikula vijiko vinne vya ndizi zilizopondwa, akisema cha tano ni cha malaika, ndipo mimi nakila cha malaika na vingine vyote vilivyobaki, nikanenepa katika msiba ambao ulikuwa bado haujaanza.

Alisema maneno yake Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa. Simu ilikuwa imelala juu ya mto, sauti imefunguliwa, Shangazi Godeliva, dada yake, akiwa upande wa pili Buffalo, akimsomea Zaburi. Baba akamkatiza. Hakuwa mtu wa kukatiza Zaburi. Akasema, kwa sauti ndogo lakini iliyonyooka: "Godeliva, sikia. Spesi ndiye atakaa mahali pangu. Deo mwambieni asikasirike, yuko mbali, hawezi kuchunga watu asiowaona." Kisha akaniambia mimi, Spesi mwenyewe, nifungue dirisha. Shangazi akasema, "Nimesikia, kaka," akaendelea na Zaburi pale alipoachia. Siku tatu baadaye Baba akafariki. Tulimzika Columbus bila Deo, kaka yangu mkubwa, ambaye maisha yalimtupa Norwe peke yake wakati sisi wengine tulipotupwa Marekani, na ambaye mara mbili alikuwa ameomba visa ya kuja kumwona Baba na mara mbili akanyimwa.

Yule anayekaa mahali pa marehemu, kwetu Warundi tunamwita samuragwa. Ndiye anayeita ukoo, ndiye anayepigiwa simu ya kwanza mtoto akizaliwa au ndoa ikiyumba, ndiye neno lake hufunga mazungumzo. Kwa kawaida ni mtoto wa kiume wa kwanza. Hakuna mtu aliyehitaji kuniambia hivyo. Nilikulia kambini Tanzania, siyo mwezini. Hutangazwa siku ya kuganduka, karibu mwaka baada ya maziko, ukoo unapokaa pamoja ili msiba uishe rasmi. Yule aliyemuuguza marehemu huulizwa mbele ya wote: alisema nini? Na baada ya hapo watu hunywa pombe ya chombo kimoja kwa mirija, na asiyekunywa anahesabiwa kuwa bado yuko msibani.

Mwezi wa nne niliendesha gari mpaka Louisville kumwona Baba mkubwa Lazaro, kaka yao mkubwa, mzee wa kanisa na mpanga masanduku kwenye ghala moja ambako, kwa maelezo yake, bila yeye Amerika yote ingekosa viatu. Alinipikia mwenyewe maharage na samaki, akakaa mbele yangu na fulana ya kazi. Nikamwambia maneno ya Baba vilevile yalivyokuwa, bila kupunguza wala kuongeza. Akatafuna. Akacheka, tena kicheko cha upendo, na hicho ndicho kilichonichoma.

"Spesi, mwanangu. Si wewe uliyetupigia simu Januari ukasema theluji ya Columbus imefika dirisha la juu?"

"Hiyo nilikuwa natania, Baba mkubwa."

"Na yule mzee wako wa kazini, aliyekula mikate kumi na minane?"

"Ilikuwa sita. Lakini hili siongezi."

"Ninajua huongezi," akasema, kama mtu anayemtuliza mtoto. "Huzuni nayo huongea."

Nikamwambia Shangazi alikuwa kwenye simu. Akaacha kutafuna. "Basi kama Godeliva alisikia, atasema mbele ya watu," akasema, "na mimi ni nani wa kubisha?" Nikarudi Columbus nikiimba njia nzima. Nilipompigia Shangazi akaniambia, "Mambo ya kuganduka hayasemwi kwenye simu, mama, tutaonana," nami, kwa ujinga wangu uliokuwa na cheti ukutani, nikadhani anafuata adabu.

Ila tungekutana wapi? Deo hawezi kuingia Marekani. Sisi tulikuwa tumeshapata uraia na pasipoti za bluu, na Deo na karatasi zake za Norwe aliweza kuzunguka Ulaya. Norwe yenyewe Baba mkubwa aliikataa, akisema baridi ya Louisville inamtosha na hakuokoka ili akafie kwenye friji. Deo akatafuta kwenye mtandao, akatupatia hoteli ya bei ya chini kwenye mji wa ufukweni Hispania, wiki moja ya Novemba, chakula cha asubuhi na cha jioni humohumo. Picha zilionyesha bwawa la bluu, miavuli, wasichana wenye miguu mirefu kuliko siku ya kazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini mahali pazuri hivyo pana nafasi tele. Tulinunua suruali fupi. Baba mkubwa Lazaro, miaka sitini na nane, alinunua miwani ya jua.

Tulifika mji umefungwa. Maduka ya aiskrimu yameshusha milango ya chuma, upepo unapeperusha mchanga mpaka barabarani, bahari ya kijivu inajipiga kifuani. Bwawa lilikuwa limefunikwa turubai, na juu ya turubai kulikuwa na ndege wa baharini mmoja aliyetutazama kama mkaguzi wa tiketi. Hoteli ilikuwa na nyota mbili, na ya pili nadhani walipewa kwa huruma. Na ilijaa wazee. Wazee wa Kiingereza, wa Kiholanzi, wa Kibelgiji, waliokuja kukimbia baridi ya kwao, mamia kwa mamia, wenye fimbo, wenye vigari vya kutembelea, wenye meno kwenye glasi. Nimetoka Clintonville nikavuka bahari nzima kwa ndege tatu, nikafunguliwa mlango na harufu ileile: supu ya karoti, poda, na zulia lililokojolewa zamani. Shangazi akanigusa kiwiko. "Spesi, wamekuhamishia kazi huku."

Hakukosea sana. Siku ya pili asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya mayai na bangili yangu ya plastiki ya rangi ya chungwa iliyoonyesha mimi ni mgeni kama wageni wengine, bibi mmoja wa Kiingereza alinishika mkono akaniambia yuko tayari kwenda chooni. Hakuuliza. Nami nikampeleka. Nawaapia, miguu ilienda kabla ya akili: mkono wa kushoto kiunoni, wa kulia chini ya kwapa, taratibu, tumefika. Nikiwa nimesimama nje ya mlango wa choo, ndipo hasira ikanifikia. Niliporudi, mayai yalikuwa yamekwisha, na Shangazi alikuwa na saba kwenye mkoba wake, yaliyochemshwa, yamefungwa kwenye leso, chini ya tangazo la lugha nne lililokataza kutoa chakula ukumbini.

"Hayo ya nani, Shangazi?"

"Ya safari."

"Safari ipi? Tuna siku tano hapa."

"Mkimbizi hajui safari yake," akasema, akafunga zipu.

Nililala naye chumba kimoja. Vitanda viwili vyembamba, picha ya boti ukutani, kibaraza ambacho kwenye mtandao kilitazama bahari na kwa macho kilitazama ukuta wa hoteli nyingine. Kila nilipotaka kuleta habari ya Baba, Shangazi alikuwa na jambo: mguu unamuuma, nimpake mafuta, kitambaa chake cha siku ya kuganduka kimekunjamana, tunyooshe chini ya godoro, je, naona wanavyotia maharage kwenye sukari watu hawa? Nilimpaka mafuta. Nilinyoosha kitambaa. Nilimpenda mwanamke yule, hilo lazima niliandike, maana hasira yangu isingekuwa na ukubwa huu kama nisingempenda.

Deo alifika siku ya tatu kwa basi. Miaka kumi na moja sikuwa nimemwona. Alikuwa amekonda, amevaa jaketi zuri, anaongea Kiswahili polepole kama mtu anayetafuta funguo gizani. Alituletea samaki mkavu wa Norwe, mgumu kiasi kwamba ungeweza kujengea nyumba. Tulitembea ufukweni mimi na yeye, kola juu, mchanga unatupiga magotini. Akanieleza kazi yake ya kuosha mabasi, chumba chake, jirani ambaye kwa miaka minne wamesalimiana kwa kichwa. Kisha akasimama.

"Dada. Baba alisema nini juu yangu?"

Ningeweza kumwambia palepale. Alisema usikasirike. Alisema uko mbali. Lakini nilitaka alisikie ukumbini, limesemwa na mimi na kuthibitishwa na mkubwa, lisiwe neno la dada mwenye tamaa. "Utasikia kesho," nikasema. Akaitika kwa kichwa, kama anavyomwitikia jirani yake.

Jioni ile nilikuwa kibarazani naanika soksi nikamsikia Baba mkubwa kibaraza cha pili, na sauti ya Shangazi, aliyesema anakwenda kuomba chumvi.

"Sikatai kwamba alisema," Shangazi alikuwa anasema. "Lakini mgonjwa husema mengi."

"Deo tukimnyima hili amekatika. Umemwona? Ni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba."

"Nimemwona."

"Spesi ana watu. Ana kazi, ana shule yake, ana mdomo. Kesho ataolewa. Deo ana nini?"

"Ndiyo maana nasema," akajibu Shangazi. "Msichana yule ni hodari. Atastahimili."

Nilibaki na soksi mkononi. Hodari. Hilo ndilo neno walilonipa miezi yote niliyomgeuza Baba kitandani kila baada ya saa mbili ili ngozi isipasuke: wewe hodari, Spesi. Na sasa, kwa kuwa nilistahimili, ninyang'anywe, maana nitastahimili tena. Ukinielewa hapo, umeelewa hasira yangu yote, mengine ni mapambo. Na bado niliwaza kwamba mbele ya watu, akiulizwa kwa jina, katika kitu kinachomhusu kaka yake mwenyewe aliyelala kaburini, hataweza kusema uongo.

Msichana wa mapokezi alitupa ukumbi wa chini kuanzia saa nane mchana, bingo ikiisha, mpaka saa kumi, wazee watakapokuja kucheza dansi. Mpira wa disko juu, viti vya zambarau, na kwenye ubao bado namba ya mwisho ya bingo. Tulikuwa wanne tu, ukoo mzima uliobaki wa kutembea, tumekaa duara katikati ya sakafu ya dansi. Mtama wa kutengenezea pombe yetu hatukuupata, kwa hiyo Baba mkubwa alikuwa ameweka bia za dukani kwenye jagi kubwa la kioo la jikoni, na mirija ya baa, ile yenye shingo ya kukunja, nyekundu na kijani. Alivaa koti. Aliomba vizuri, Baba angependa. Kisha akauliza:

"Nani alimuuguza ndugu yetu?"

"Mimi, Baba mkubwa."

"Alisema nini?"

Nikasema. Kwa maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, mpaka dirisha. Sauti yangu sikuitambua, ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Deo aliangalia sakafu. Baba mkubwa akamgeukia dada yake.

"Godeliva, ulikuwa kwenye simu. Ulisikia?"

Shangazi akanyoosha kitambaa magotini, kile nilichokilalia mimi usiku mbili ili kinyooke. "Simu ilikuwa inakatakata," akasema. "Ninyi mnajua simu za siku zile."

Siku zile ilikuwa mwaka jana.

Baba mkubwa akanitazama kwa upole ule wa Louisville. "Mwanangu, leo siyo siku ya kuongeza. Sema alichosema."

Hasira ilinipanda, ikaja na kicheko. Nikawaza: sawa. Mmesema mimi ni mwongo; ngoja muone uongo wa fundi. Nitawapa mkubwa mpaka mtoto wa miaka mitatu angeona aibu kuuamini, na hapo mtanisimamisha wenyewe, na mtajua tofauti. Nikasimama. Nikasema basi, Baba, ambaye alikuwa hajainua kichwa miezi mitatu, siku ile aliketi. Hapana, alisimama. Alitembea mpaka ukutani bila kushikwa. Nikamwangalia Baba mkubwa, hakunizuia. Nikasema uso wake uling'aa, chumba kikanukia kama mvua, akaita, Deo, Deo, Deo, mara tatu, mpaka jirani akagonga ukuta. Akanyoosha mkono wa kulia kuelekea Norwe, na mimi hata Norwe iko upande gani sikuijua, yeye alijua. Akasema: mwanangu wa kwanza ndiye macho yangu, yeye aketi nilipoketi, na popote alipo ndipo nyumbani kwetu. Nikasema alilia machozi yakalowesha fulana, nikaibadilisha mara mbili. Nilisubiri mtu acheke. Niliacha nafasi kabisa, kama mchekeshaji anavyoacha.

Baba mkubwa Lazaro alikuwa analia. Alikuwa amevua miwani analia waziwazi, mabega yanatikisika. Na Shangazi Godeliva akainua uso, akanitazama mimi, siyo Deo, akasema kwa sauti thabiti:

"Hapo ndipo. Hayo niliyasikia kwa masikio yangu."

Sijui kama alinishukuru kwa macho au aliniomba radhi. Nimeliwaza jambo hilo kwenye kila basi nililopanda tangu siku hiyo. Ninachojua ni kwamba Deo alikuja akanipigia magoti, kaka mkubwa mbele ya dada mdogo, akashika mikono yangu akaiweka usoni mwake, akasema, "Aliniita mara tatu?" Ulikuwa mlango wa mwisho wa kurudi kwenye ukweli, uko wazi, na ilikuwa kazi yangu kuingia. Uso wake ulikuwa wa joto na umelowa. Nikasema, "Mara tatu, kaka."

Akawa samuragwa. Wakampa kiti cha zambarau kilichokuwa katikati. Akanyoosha mgongo palepale, nilimwona anavyojaa ndani ya jaketi lake, na hasira yangu haikupungua hata kidogo kwa kuona hivyo. Mtu asiniambie habari za faraja. Pale mlangoni wazee wa dansi walikuwa wameshaanza kukusanyika, wamevaa viatu vya kung'aa, wanatusubiri kwa adabu tumalize mkutano wetu. Jagi likazunguka. Deo akanywa kwanza, kisha Baba mkubwa, kisha Shangazi, aliyevuta kwa nguvu mpaka mashavu yakaingia ndani. Likafika kwangu. Nikainama, nikaweka mrija mdomoni, ule wa kijani, nikafumba macho kama mtu anayekunywa, nikahesabu mpaka tano. Sikuvuta hata tone. Nikampa Deo jagi, akaniuliza kama nimepata ya kutosha, nikasema nimeshiba.